Dakika Mbili za Strahinja

5 Oktoba

Daftari hili ni la makocha. Klabu imempa Ognjen mawili, na kila ukurasa umechapwa uwanja wa mpira wa kikapu, goli juu na goli chini, ili achore nani apite wapi. Moja nimelichukua mimi. Nikamwambia, wewe andika habari za wachezaji wako kumi na wawili, mimi nitaandika za wangu mmoja. Akacheka. Mimi niliishia darasa la nane, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya wote. Naanzia chini ya goli la juu, nikifika goli la chini nafungua ukurasa mwingine.

Basi iandikwe: mimi ni Desanka, mjane wa Radoje, na mwanangu Ognjen, mita mbili na sentimita nne bila viatu, amecheza Uhispania, Ugiriki, Uturuki na Italia miaka kumi na mitano, na sasa amerudi Vrbica kuwa kocha wa klabu ileile iliyomlea. Wangapi wanarudi? Wengine hata kuja kuzika hawaji.

12 Oktoba

Mechi ya kwanza, ushindi! Kiti changu ni kilekile, safu ya nne nyuma ya benchi letu. Nilipokuwa kiwanda cha pilipili za kopo, nilikuwa namwita mtu aliye upande wa pili, mashine zote zinaunguruma, na mtu anageuka. Sauti hiyo haijastaafu. Ognjen hageuki, ila masikio yake yanakuwa mekundu, najua amenisikia.

Paa la ukumbi linavuja pembeni mwa uwanja. Wameweka ndoo.

13 Oktoba

Nimepeleka keki ya tufaha kwa Miladin. Nyumba yao inabatiza nyumba yetu tangu enzi za babu. Yeye mwenyewe, akiwa kijana wa miaka ishirini, ndiye aliyemshika Ognjen mbele ya padri. Kwetu msimamizi wa ubatizo anapita ndugu wa damu, na mimi na yeye tunaitana msimamizi. Na huyu si msimamizi wa jina tu. Ognjen alipokuwa na miaka kumi na mitano, Radoje yuko zamu ya usiku, Miladin alimpeleka mazoezini mjini Čačak kila alfajiri kwa lori lake la mbao, majira mawili ya baridi, theluji mpaka magurudumuni. Mwanangu alipaa kwa lori lile.

Sasa Strahinja, mtoto wa pekee wa Miladin, yuko kwenye timu ya Ognjen. Ana miaka ishirini, mwepesi kama paka, anapiga kwa mkono wa kushoto. Miladin alinimiminia rakija, ile pombe kali ya plamu. "Msimamizi," akaniambia, "gurudumu limezunguka. Zamani nilimbeba wako, sasa wako atambeba wangu." Wahispania wa klabu moja ya kwao watakuja kumtazama kijana mwezi wa pili.

26 Oktoba

Ushindi. Strahinja hakuingia.

27 Oktoba

Ognjen anashuka ngazi asubuhi kinyumenyume, ameshika ukuta, hatua moja moja. Kila siku namwambia, "Utaanguka! Geuka utembee kama mtu!" Ananiambia ni mazoezi ya makocha. Nimewaeleza akina mama kanisani, wamecheka sana.

Niliwaeleza pia ile fainali ya Italia, alivyocheza kwa goti lililovimba kama tikiti, wamemchoma sindano tatu, na bado akafunga pointi ishirini na mbili. Wanaijua hadithi hiyo, lakini nzuri haichoshi. Ndiyo maana naitwa mama wa shujaa.

2 Novemba

Tumeshindwa. Strahinja benchi tangu mwanzo mpaka mwisho, na koti lake la mazoezi limefungwa hadi shingoni. Nilimtazama Miladin upande wa pili. Anatafuna mbegu za alizeti, anatema maganda, anatafuna.

4 Novemba

Ukungu na moshi wa makaa, mtu haoni mkono wake. Sokoni nikagongana na Miladin mbele ya kabichi.

"Habari za nyumbani, msimamizi?"

"Nzuri tu. Wako amekaa kwenye kiti cha kocha, wangu amekaa kwenye benchi. Wote wamekaa. Hakuna aliyechoka."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Usiku nikamwuliza Ognjen: kwa nini? Akajibu, "Mambo ya uwanjani, mama." Nikasema, "Lori lile je?" Akaweka kijiko chini. "Lori silisahau. Ndiyo maana." Ndiyo maana ya nini, hakusema. Akaenda kulala na supu yake haijaisha.

15 Novemba

Kesho ni sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, Mtakatifu Georgi. Nimeviringisha sarma, nyama ndani ya majani ya kabichi, mia moja na kumi. Ngano imechemshwa na kusagwa pamoja na kokwa za jozi, mkate umesukwa juu na msalaba wake. Mshumaa ni mrefu kuliko wa mwaka jana. Aje nani asile!

16 Novemba

Siku hii kwetu hakuna anayealikwa. Mgeni anakuja mwenyewe, kama baba yake alivyokuja kwa baba yako. Asiyekuja, kutokuja kwake ndiyo kauli yake.

Walikuja thelathini na wawili. Kiti cha Miladin, kile cha dirishani anachokalia tangu Radoje akiwa hai, kilibaki kitupu. Padri alipofika kukata mkate akauliza, msimamizi yuko wapi? Nikajibu haraka, "Mafua. Yamemlaza kabisa, maskini."

Jirani yangu Radmila, ambaye Mungu alimpa macho akasahau breki, akasema huku mdomo umejaa sarma: "Mafua gani? Nimempita sasa hivi kwa mchinjaji, amejitwika nusu nguruwe begani anapiga mluzi!"

Meza nzima ikainamia sahani. Nilihisi uso unaungua kama nimefungua oveni. Ognjen alinyanyuka, akaushika mkate na padri, akauzungusha na kuuvunja, mikono yake imetulia. Katika nyumba hii, siku ya mtakatifu, mshumaa unawaka, nimesema uongo, na uongo wenyewe haukufika hata mlangoni.

17 Novemba

Sarma imebaki sufuria mbili.

23 Novemba

Ushindi ugenini. Kijana hakucheza. Mtu hanipongezi tena. Wananiuliza Miladin hajambo mafua.

30 Novemba

Theluji ya kwanza. Nilimwambia Ognjen: "Umenivua nguo mbele ya mji. Watu watasema mwana wa Desanka alikwenda Ulaya kote akarudi hana shukrani." Akajibu taratibu, "Mama, niamini mpaka Krismasi tu." Nikamjibu, "Krismasi msimamizi atakuwa ameshanizika." Nimelala bila kumtakia usiku mwema. Tangu azaliwe sijawahi.

7 Desemba

Sina usingizi wala siuombi. Naandika yote.

Leo tulicheza na Kamenjar. Vrbica na Kamenjar ni kama paka wawili ndani ya gunia. Harusi zimevunjika kwa mchezo huu. Ukumbi umejaa mpaka ngazini, ngoma, moshi, theluji inayeyuka juu ya paa na ndoo pale pembeni inalia ti, ti, ti. Robo ya nne, wanatuongoza kwa pointi saba, zimebaki dakika tano. Ognjen akaomba mapumziko. Wachezaji wakamzunguka. Strahinja nyuma yao na koti lake.

Nilimtazama Miladin. Hakuwa anatafuna. Alikuwa ameshika kofia mikononi kama mtu aliyesimama makaburini.

Basi nikasimama. Mungu ndiye shahidi kwamba miguu ilinyanyuka kabla yangu. Na katika ile sekunde ngoma zinapopumua, nikapaza sauti ya kiwandani:

"Ognjen! Mwingize mtoto wa msimamizi! Nakusihi kwa Mungu na kwa Yohana Mbatizaji!"

Maneno haya kwetu hayatamkwi ovyo. Baba yangu aliyatamka mara moja maishani, kuwazuia ndugu wawili walioshikiana mashoka mpakani mwa shamba, na mashoka yakawekwa chini. Anayesihiwa hivyo akikataa, anakataa maji aliyobatiziwa. Ukumbi mzima ulinyamaza. Niliisikia ile ndoo.

Ognjen akageuka. Msimu mzima hajawahi kugeuka, na leo akageuka. Sikuona hasira. Aliniangalia kama alivyoniangalia siku moja akiwa na miaka saba, nilipofungia mlango wa gari kwenye vidole vyake, kabla hajaanza kulia.

Kisha watu wakalipuka. "Stra-hi-nja! Stra-hi-nja!" Kijana ameshavua koti, anamwambia kocha kitu, anasihi naye. Ognjen akamwonyesha vidole viwili. Dakika mbili.

Akaingia. Akafunga kwa kushoto. Akapora mpira, akafunga tena. Tukawa nyuma kwa pointi tatu, na mimi nikawa nampiga Radmila mgongoni, nasema, "Umeona? Nani kocha hapa? Nani kocha?" Ndivyo nilivyosema. Naandika ili nisije nikajidanganya.

Ognjen alikuwa ameshanyanyua mkono kumtoa. Strahinja alijifanya hamwoni. Akaruka karibu na ile pembe inayovuja, akatua kwa mguu wa kulia, na goti likaenda upande ambao goti haliendi. Sauti aliyotoa haikuwa kubwa. Miladin alivuka uzio akiwa na miaka yake hamsini na minane.

Tulifungwa. Waandishi walimwuliza Ognjen mlangoni, mbele yangu: ni kweli mama yako ndiye aliyemwingiza? Watu mia nane walisikia! Akajibu, "Mama yangu ni shabiki. Kocha ni mimi. Niliyemwingiza ni mimi."

8 Desemba

Ameniambia jikoni, amesimama, maana akikaa kunyanyuka ni kazi.

Goti la Strahinja lilikuwa limevimba tangu Oktoba. Daktari alisema apumzike mpaka baada ya Krismasi. Kijana alimwomba kocha amfichie: baba yake akijua, atamtafutia mtu wa kumchoma sindano acheze, Wahispania wasije wakamkosa. Ognjen akakubali kumfichia ili amkalishe. Ndiyo maana ya lile koti lililofungwa. Ndiyo maana ya lile "ndiyo maana."

"Ungeniambia mimi," nikasema.

"Mama, ningekuambia wewe Jumatatu, Jumanne padri angeitaja kwenye mahubiri."

Nilitaka kukana. Nikageukia vyombo kwenye sinki.

"Zile sindano tatu za Italia," akaendelea, "unazozisimulia kanisani. Niliziomba mwenyewe, kwa sababu ukumbi ulikuwa unaita jina langu. Siku ile niliwafungia wao pointi ishirini na mbili, na goti langu likabaki kulekule. Unafikiri nashuka ngazi kinyumenyume kwa mchezo?"

Nilishika sinki. Miaka yote nimekuwa naisimulia kama sherehe, siku aliyolemazwa mwanangu. Nimewachekesha watu kwa miguu yake.

Nikamwambia, "Nimekukosea. Nilikusihi kwa jina zito."

"Ningekataa," akasema. "Kocha asiyeweza kumkatalia mama yake ni shabiki aliyepewa kiti cha mbele tu. Kosa hilo ni langu. Usininyang'anye na hilo."

11 Desemba

Upasuaji umefanyika. Msimu umekwisha kwake, na Wahispania hawaji tena. Ognjen alikwenda hospitali, Miladin akamzuia kwenye korido: "Usikanyage kizingiti changu."

14 Desemba

Muuza kabichi: "Kocha Desanka! Leo tumwingize nani?" Foleni nzima ikacheka. Nimelipa, nimeacha kabichi, nimeondoka.

Kwenye mechi sikwenda.

20 Desemba

Barafu. Uongozi wa klabu umekaa kujadili kama Ognjen aondoke. Wamemwacha mpaka mwisho wa msimu. Bila shukrani, kama unavyoliacha koti kuukuu mlangoni.

7 Januari

Krismasi kwa kalenda ya kanisa letu. Tulikuwa wawili na mkate mmoja. Pesa ya bahati iliyookwa ndani ilimwangukia yeye. Akanisogezea.

19 Januari

Kesho ni Yohana Mbatizaji, sikukuu ya nyumba ya Miladin. Miaka arobaini na minne sijakosa. Nimeoka keki, nimefunga chupa ya divai. Ognjen ameangalia tu.

20 Januari

Nilifika hadi getini kwa Miladin. Sauti za wageni zinasikika, harufu ya nyama ya kuchoma, mbwa wao ananijua, anatikisa mkia. Mkono uko kwenye komeo.

Ndipo nikafikiri: leo hata mwizi haondolewi mlangoni. Nikiingia, atalazimika kunipa kiti, atalazimika kunimiminia. Nimekuja tena kumshika mtu kwa mkono wa Yohana yuleyule! Hivi mimi nitajifunza lini? Nikaweka keki na divai juu ya nguzo ya geti, nikageuka. Theluji inalia chini ya viatu na mimi nalia juu yake.

Dirisha likafunguliwa.

"Msimamizi! Umekuja au umepita?"

"Nimepita," nikasema, sikugeuka.

"Na keki inapita na nani?"

"Sikutaka kukulazimisha kwa mtakatifu. Nimeshamlazimisha mmoja."

Miladin akatoa kichwa dirishani: "Basi pita ndani. Hukulazimisha, nimekuita mimi. Sikia, nimekualika! Siku isiyoalikwa mtu! Baba yangu atageuka kaburini."

Wageni walipisha. Strahinja alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mto. Nilipiga magoti mbele yake. Akashtuka: "Shangazi Desa, inuka, tutakuwa wawili tusioweza kusimama!" Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nilimwona kocha akiniita nitoke. Nilimwona vizuri kabisa."

Miladin alinimiminia mwenyewe. Akanong'ona ili wengine wasisikie, na kwa sauti yake hiyo wote walisikia: "Nilimwona anachechemea tangu wakati wa mavuno ya plamu. Nikamwambia aume meno. Wewe umempigia kelele mara moja. Mimi tangu ana miaka sita."

Nikamwuliza, nimwambie nini Ognjen? Akatazama mshumaa. "Usimwambie kitu. Maneno hayo ni yangu, na bado hayajanitoka."

15 Februari

Nimerudi ukumbini. Nimenunua mfuko mkubwa wa mbegu za alizeti. Mdomo uliojaa mbegu haupigi kelele. Radmila: "Desa, unaumwa?"

1 Machi

Tumeshindwa. Mbegu.

9 Machi

Mvua na matope. Lori la mbao limesimama mbele ya nyumba. Miladin hakushuka, alipiga honi. Ognjen akatoka bila koti, akapanda pembeni yake. Walikaa humo muda mrefu, vioo vikaingia ukungu, sikuona kitu ingawa nilifuta dirisha la jikoni mara tatu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu kama masikio yake. Sikuuliza. Naandika tena, nijisifu kidogo: sikuuliza.

22 Machi

Strahinja sasa anakaa benchi na ubao wa kocha magotini. Anachora, Ognjen anafuta, anachora tena. Anatembea kwa fimbo moja.

12 Aprili

Mechi ya mwisho. Tukishinda tunabaki ligi hii, tukishindwa tunashuka. Tena Kamenjar. Tuko nyuma kwa pointi moja, sekunde tisa, Ognjen akaomba mapumziko. Mchezaji wetu bora amekaa amejishika paja, na ukumbi umeanza kuimba jina lake. Ngoma zote. Radmila akanichoma kiwiko: "Sema kitu! Anakusikia wewe tu!"

Ognjen akageuka. Mara ya pili msimu huu. Akapandisha macho mpaka safu ya nne.

Mashavu yangu yamejaa kama ya panya buku. Nikamwangalia tu.

Akamgeukia yule mwenye paja, akamwekea taulo begani, akaingiza mwingine, mtoto mrefu asiyejulikana na mtu. Mpira ukamfikia. Akapiga. Ukazunguka mdomo wa goli, ukatoka.

Tumeshuka daraja. Watu wamemzomea mwanangu katika ukumbi uliomlea, naye akapeana mikono na kila mchezaji wa Kamenjar. Miladin alibaki amesimama akipiga makofi, peke yake, mpaka taa zikaanza kuzimwa.

13 Aprili

Jumapili. Jua limetoka, matawi ya miplamu yote yamechanua maua. Ukurasa huu ni wa mwisho, nimeshapita katikati ya uwanja.

Asubuhi nilisikia mlango wa juu, kisha mkono ukipapasa ukuta. Nikaacha kahawa kwenye moto. Nikaenda kusimama chini ya ngazi, nyuma yake, nikanyoosha mikono. Mtu wa mita mbili na sentimita nne, na mimi simfikii hata kwapani, ningezuia nini? Lakini nilisimama. Alishuka hatua moja, akapumzika, akashuka nyingine. Kahawa ikafurika jikoni, niliisikia, sikwenda.

Katikati ya ngazi akasita, bila kugeuka.

"Mama? Mbona leo hunigombezi? Upo hapo?"

"Nipo."